Stendi ya kupanda nayo mtini: nichague ipi, na nianze vipi?

Kwato4

Wakuu, habari za leo. Miaka 6 nimewinda kwa upinde nikiwa chini, nimejibanza nyuma ya kichaka au nimeketi kwenye kitako cha mti. Kulungu nimewapata, lakini wengi zaidi wamenishtukia. Wiki mbili zilizopita dume moja lenye pembe nzito lilinijia mpaka hatua kama 25. Nilipoanza kuvuta ugwe likaona kiwiko changu. Likapiga kwato chini mara moja, likapuliza pua, likaondoka. Nilibaki na mshale mkononi na moyo unadunda, nikaamua palepale kwamba msimu ujao nawindia juu.

Msitu wangu hauna mahali pamoja pa kutegemea. Mwezi huu wanyama wako kwenye mialoni inayodondosha matunda, mwezi ujao wamehamia bondeni. Stendi ya ngazi inayokaa mti mmoja msimu mzima hainifai. Nataka ile ya vipande viwili, fremu ya juu na jukwaa la miguu chini, unayoibeba mgongoni, unaifunga kwenye shina na kupanda nayo kidogokidogo kama kiwavi.

Naomba mnisaidie. Nina uzito wa kilo 98. Rafiki yangu ni fundi wa kuchomelea, ameniambia anaweza kunitengenezea ya chuma kwa siku mbili. Pia ninao mkanda wa usalama wa mwili mzima wa kazi za ujenzi, sijui kama unatosha. Na kimo kiwe mita ngapi? Niseme ukweli, kimo kinanitia hofu, sijawahi kukaa juu ya kitu chochote zaidi ya paa la nyumba.

Gome_Kavu

Kaka Kwato4, swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu nimejiona mwenyewe ndani yake. Nimepanda na stendi za aina hii misimu 14 sasa. Wewe umeanza na stendi, mimi nitaanza na mti, kwa sababu mti ukiukosea hakuna stendi itakayokusaidia.

Unataka shina lililonyooka, lililo hai, lisilo na tawi mpaka kimo utakachokaa. Stendi nyingi zinashika shina lenye kipenyo cha sentimita 20 hadi 50 hivi, vipimo kamili utavikuta kwenye maelekezo yake. Shina jembamba linayumba na kila upepo, na wewe juu yake unaonekana kama kichuguu kilichobandikwa kwenye fimbo. Mti mkavu usiuguse hata ukinyooka namna gani. Gome lake limekwisha kuachana na mti, na likibanduka linaondoka pamoja na meno ya stendi. Mti ulioinama uache. Msonobari na mwaloni wenye gome gumu lenye mifereji vinashika vizuri sana. Mkaratusi, wenye gome laini linalochunika vipande virefu, mimi sipandi. Na mvua au umande ulioganda hubadili kila kitu: gome nililopanda jana bila wasiwasi, leo ni kama sabuni.

Kabla sijatua stendi mgongoni nauzunguka mti wote. Napiga shina kwa kiganja, nang'oa kipande cha gome kwa kucha nione kama kimeshika, kisha natazama juu kama kuna tawi kavu limening'inia. Hazifiki dakika 3, na zimeshanifanya niiache miti mingi niliyokuwa nimeipenda kwa mbali.

Sasa stendi. Kwa upandaji ziko namna mbili. Moja unapanda ukitumia nguvu za mikono: unaegemea fremu ya juu kwa viwiko, unainua jukwaa kwa miguu. Ni nyepesi na haina mambo mengi, ila inachosha mabega. Ya pili unapanda kwa kukaa na kusimama: unakaa kwenye fremu ya juu, unavuta jukwaa kwa miguu, unasimama, unainua fremu, unakaa tena. Kwa mwili wako na kwa mtu anayeanza, chukua hii ya kukaa na kusimama. Kila hatua unapumzika ukiwa umekaa, na mtu aliyepumzika hakosei ovyo.

Kisha angalia mbele ya kiti. Kuna zenye nondo inayozunguka mbele yako na kuna zilizo wazi. Nondo inatoa moyo, na anayetumia bunduki anaegemeza mtutu wake hapo. Lakini kwa upinde itagongana na ncha ya chini ya upinde siku utakayohitaji kupiga ukiwa umekaa. Ukiweza, pata ile ambayo nondo yake inageuzwa au kushushwa.

Kuhusu uzito, kilo 98 zako si kilo 98. Vaa buti na nguo za baridi, beba upinde, mkoba, maji na kisu, kisha upande mzani. Utashangaa. Stendi nyingi zimepimwa kubeba kilo 136, na hicho ni kikomo cha mwili pamoja na vyote ulivyovaa na kubeba. Uko ndani ya kikomo, ila usinunue ndogo kwa sababu ni nyepesi. Ya alumini iliyo nzuri ina kilo 9 hadi 11 hivi, ya chuma inazidi hapo kwa kilo kadhaa. Kama unatembea kilomita 2 gizani kabla ya alfajiri, kila kilo utaijua kwa jina.

Rafiki yako fundi mshukuru, lakini mwambie hapana. Sina shaka na mkono wake. Stendi inabeba mzigo unaoruka na kutua mamia ya mara, kwenye pembe zilezile, na mahali palipochomelewa huanza kupasuka ndani bila kuonekana. Za kiwandani zinajaribiwa kwa mizigo inayozidi ile iliyoandikwa. Ya nyumbani ataijaribu nani? Utaijaribu wewe, ukiwa juu.

Mkanda wa ujenzi huenda ukakubeba, lakini shida iko kwenye kamba yake. Kamba nyingi za ujenzi zina urefu wa karibu mita 2. Mtini hiyo ni ndefu mno: utaanguka kwanza, utapita jukwaa, ndipo ikukamate, ukiwa chini ya kila kitu ambacho ungeweza kukishika. Tena vishikizo vyake vya chuma vinalia kama njuga. Nunua hanesi, yaani mkanda wa mwili mzima, ya wawindaji yenye ukanda wake wa kuzungusha kwenye mti. Ukanda huo unakaa juu ya kichwa chako, na kamba ya mgongoni iwe fupi kiasi kwamba ukikaa kitini inakaribia kunyooka. Ukiteleza, unashuka kidogo tu na miguu bado inalifikia jukwaa.

Na hanesi inafungwa ukiwa bado umesimama ardhini. Nimekutana na watu wanaopanda kwanza, wakifika juu ndipo wanajifunga. Wakati wa hatari kubwa ni huo wa kupanda na kushuka, wanaupita wakiwa hawana kitu. Kila unapoinua fremu, sukuma na ukanda wa mti juu. Unachelewesha, najua. Chelewa.

Kwato4

Asante sana mkuu Gome_Kavu, suala la fundi nimelifunga leo. Nimeona stendi moja iliyotumika, ya alumini, ya kukaa na kusimama, mbele iko wazi. Muuzaji ameniruhusu kuitazama. Kebo zake za kuzungushia shina ni nzuri kwa macho, zimevalishwa plastiki. Ila sikuona kamba ya kuunganisha kipande cha juu na cha chini ambayo nimeiona kwenye picha za stendi nyingine. Nilipomuuliza akasema haina kazi yoyote, yeye aliitoa kwa sababu ilikuwa inanasa kwenye vichaka. Ni kweli?

Gome_Kavu

Kwato4, si kweli. Ngoja nikueleze yaliyonipata, sijawahi kuyaandika popote.

Ilikuwa msimu wangu wa tatu. Stendi yangu nayo ilikuwa imetumika, nayo haikuwa na kamba hiyo, na mimi nami niliambiwa haina kazi. Nikaamini, kwa sababu misimu miwili nilikuwa nimepanda bila tatizo. Siku hiyo nilichagua msonobari mnene, gome lina unyevu wa usiku. Nilipanda mpaka mita 4 na kidogo. Nikakaa, nikanyanyua miguu ili nivute jukwaa kwa hatua ya mwisho, mguu wa kulia ukachomoka kwenye kishikio. Jukwaa likainama upande, meno yakaacha gome, na likaanza kuteremka lenyewe. Halikuanguka kwa kishindo. Liliteleza likikwaruza shina, kra, kra, kra, mpaka chini kabisa, likakaa pale kwenye mizizi likinitazama.

Mimi nimekaa kwenye fremu ya juu, hanesi imefungwa, miguu inaning'inia. Sikuumia hata ukucha. Lakini hakuna namna ya kushuka. Fremu ya juu peke yake haishuki, kwa sababu ili uisogeze lazima uzito wako uwe umesimama kwenye kitu kingine. Kulikumbatia shina na kuteremka nalo, mita 4 nikiwa na nguo nzito, ningevunjika. Simu iko kwenye mkoba, na mkoba uko chini.

Kilichonisaidia ni kwamba kamba ya kuvutia mizigo ilikuwa imefungwa kiunoni, na mwisho wake wa pili umefungwa kwenye mkoba huo. Niliuvuta taratibu sana, mkono baada ya mkono, nikimwomba Mungu usinase kwenye fremu iliyokuwa chini. Ulipofika mapajani nilikaa kama dakika nzima bila kuufungua, mikono inatetemeka. Nikampigia shemeji yangu. Alikuja na ngazi baada ya saa mbili na nusu.

Kamba ile ingekuwepo, jukwaa lingeshuka kiasi cha urefu wake tu na kubaki linaning'inia chini ya nyayo zangu. Ningelivuta, nikaweka miguu, nikaendelea. Kwa hiyo usipande hatua hata moja bila kamba hiyo, na urefu wake uwe unaokuwezesha kupiga hatua moja kamili ya kupanda, usizidi hapo sana. Toka siku ile simu yangu inakaa mfuko wa kifua, chini ya zipu, mahali ninapoweza kuifikia hata nikiwa naning'inia. Na nyumbani naacha maelezo ya mti nilipo na saa nitakayorudi.

Hiyo stendi usiinunue kwa macho. Plastiki inayovika kebo inaficha kutu. Ikunje kebo polepole kwa vidole kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, sikiliza kama kuna nyuzi zinazokwaruzana ndani, na chunguza hasa pale inapoingia kwenye kishikizo chake cha mwisho. Tazama kila pini, kila bolti, kila mahali palipochomelewa. Uliza maelekezo ya kiwandani yako wapi na kama hakuna kifaa kilichobadilishwa kwa cha dukani. Mtu aliyetoa kamba ya usalama kwa sababu inanasa vichakani, ametoa nini kingine? Mimi ningeiacha. Na hanesi, hata akikupa bure, usichukue iliyotumika. Nyuzi zake zinaliwa na jua, ina tarehe yake ya mwisho, na iliyokwisha kudaka mtu hata mara moja haitumiki tena.

Ugwe_Mwepesi

Kaka Kwato4, mimi ni mwanamke wa kilo 57 na nawinda kwa upinde tu, nikiwa mtini, msimu wa 8 huu. Gome_Kavu amesema ya usalama vizuri, nami sitayarudia. Nitasema ya upigaji, maana watu wanahangaika kupanda kisha wanakosa mnyama au, vibaya zaidi, wanamjeruhi.

Usikimbilie kwenda juu sana. Mita 5 hadi 6 zinatosha, na kama mti una majani au matawi nyuma yako ya kuvunja umbo lako, hata 4 zinatosha. Ukizidi, mshale unashuka kwa mwinamo mkali. Mnyama akiwa karibu na mti, unaona mgongo wake tu, na mahali pa kupiga panakuwa padogo. Mshale unaweza kupita pafu moja ukaliacha la pili, na kulungu mwenye pafu moja zima anakwenda mbali sana na anateseka. Lilinitokea msimu wangu wa kwanza. Nilifuata damu kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, matone yakapungua mpaka nikawa natambaa kwa magoti nikigeuza majani moja moja. Sikumpata. Toka hapo nachagua mti ulio mita 15 hadi 20 kutoka kwenye njia yao, badala ya ule ulio juu ya njia yenyewe. Pembe inapungua, na pua yake nayo inakuwa mbali.

Unapolenga, fikiria mshale utatokea wapi upande wa pili, usifikirie unapoingia tu. Na usishushe mkono wa upinde peke yake. Vuta ugwe ukiwa umenyooka kama ulivyozoea ardhini, kisha pinda kiunoni, kifua na mikono vishuke pamoja. Ukishusha mkono tu, ugwe haukai tena pale unapogusa shavu siku zote, na mshale unakwenda juu. Umbali wa kuhesabu ni ule wa ardhini kutoka kitako cha mti hadi kwa mnyama, hata kama macho yako yanaona mrefu zaidi.

Haya hayajifunzwi siku ya kuwinda. Weka shabaha chini, panda na hanesi yako, piga mishale 10 ukiwa umekaa na 10 ukiwa umesimama. Utagundua mambo ambayo hakuna anayeweza kukuandikia: kwamba ncha ya upinde inagusa goti lako la kushoto, kwamba kamba ya hanesi inapita mbele ya uso ukigeuka kulia. Mimi kwa sababu hiyo naweka ukanda wa mti ukiwa umesogea kidogo upande wa kushoto wa shina.

Kelele je? Chuma kikigonga chuma alfajiri kinasikika msitu mzima. Nimevika sehemu zinazogongana wakati wa kubeba kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, nikafunga kwa uzi. Nimeviacha wazi vile vinavyouma gome na kila panapopita kebo au pini. Hapo huwa siongezi kitu chochote. Na nguo nzito nabeba, sivai nikitembea. Nafika nimevaa nyepesi, napanda taratibu, nakaa dakika 10 jasho likauke, ndipo navaa. Anayefika juu amelowa jasho atatetemeka baada ya saa moja, na kutetemeka ni kusogea.

Pumzi_Taratibu

Mimi nina la upepo tu, na moja la bunduki kwa wengine watakaosoma.

Kuna wanaodhani ukiwa juu harufu yako inapita juu ya kulungu. Inapita kidogo, kisha inashuka. Asubuhi jua likianza kupasha ardhi hewa hupanda mlima, jioni ikipoa huteremka bondeni kama maji. Mti uliokuwa mzuri asubuhi unaweza kukuharibia jioni bila upepo wenyewe kubadilika. Natembea na sufi kidogo kwenye kopo. Nikishakaa naachia unyoya mmoja, nauangalia unakokwenda mpaka upotee. Unga wa kupimia upepo unaonyesha upepo wa mbele ya pua yako tu, lakini sufi itaelea mita 30 na utaiona inapogeuka nyuma ya kichaka na kushuka kwenye mkondo. Hii ndiyo faida ya stendi ya Kwato4 kuliko ya ngazi: upepo ukikataa, shuka uhame.

Bunduki haipandi na mtu. Toa risasi zote, hakikisha chemba ni tupu, ifunge kwenye kamba ya kuvutia mtutu ukiangalia chini, na kamba isiguse mahali pa kifyatulio. Iwe pembeni, isiwe chini yako moja kwa moja, maana ukianguka utaiangukia. Ukifika juu, ukajifunga, ukatulia, ndipo uivute. Kushuka vilevile, kwa mpangilio wa kinyume. Mishale nayo ikae kwenye podo lenye kifuniko, vichwa vya kuwindia vinakata kama wembe.

Kwato4

Ndugu zangu, stendi ile nimeiacha. Nimenunua mpya, ya kukaa na kusimama, nondo ya mbele inageuzwa, kilo 10. Hanesi imekuja nayo ndani ya boksi. Nimesoma maelekezo yote, hata ukurasa wa onyo.

Jana nilichukua msonobari ulionyooka nyuma ya nyumba, nikapanda sentimita 50 tu, nikashuka. Nikarudia mpaka jasho likanitoka. Nina maswali mawili. Kwanza, nikilifunga jukwaa likiwa sawa kabisa chini, kila nikipanda linaanza kuinamia mbele, kwa nini? Pili, hanesi ikinidaka na stendi ikateremka yote, nafanyaje?

Gome_Kavu

Umefanya vizuri kuiacha, moyo wangu umetulia.

Jukwaa linainama kwa sababu shina linapungua unene kadiri unavyopanda, na kebo imebaki urefu uleule. Upande wa nyuma wa kebo unasogea, ncha ya mbele ya jukwaa inashuka. Kwa hiyo anza chini ukiwa umeinua ncha ya mbele, jukwaa litazame juu kidogo, ili ukifika kimo chako liwe limelala sawa. Kiasi gani, itategemea mti. Msonobari mrefu hupungua polepole, mwingine umenona chini na juu ni kama mkono. Ukiona umekosea, shuka chini ukarekebishe. Usifungue kebo ukiwa hewani, hata kwa sekunde.

Hilo la pili ndilo swali ambalo watu hawaulizi. Kuning'inia kwenye hanesi si mapumziko. Mikanda inabana mapaja, miguu haisogei, damu inakaa miguuni, na ndani ya dakika chache mtu anaweza kuzimia, na akiachwa hapo akafa. Tafuta kwenye hanesi yako kuna ukanda mdogo wa kukanyagia, nyingi zinakuja nao. Unautoa, unaufanya kitanzi, unakanyaga na kusimama ndani yake ili uzito utoke mapajani. Kama hauna, tengeneza kitanzi cha kamba imara na ukiweke mfukoni. Ukiwa unaning'inia, tembeza miguu kama unaendesha baiskeli, sukuma shina kwa nyayo, piga simu mapema kabla hujachoka. Na yote hayo yafanyie mazoezi jukwaa likiwa nusu mita kutoka ardhini, mtu mzima akiwa amesimama kando yako. Utajua mkono wako unafika wapi na haufiki wapi.

Kwato4

Nimerudi baada ya siku 9. Kitanzi kilikuwepo, kimeshonwa kwenye kifuko upande wa kulia wa kiuno, nami sikuwa nimekiona. Shemeji yangu naye alisimama chini na ngazi, nikajiachia kwenye hanesi nikiwa nusu mita. Sikutegemea ilivyo: kamba inakuvuta nyuma ya shingo, uso unageukia shina, na kile kifuko nilikuwa nakitafuta kwa vidole bila kukiona. Mara ya kwanza ilinichukua karibu dakika 2 kukanyaga kitanzi, na mapaja yalikuwa yameanza kufa ganzi. Mara ya sita, sekunde 20. Nimekihamishia kifuko mbele, kinapofikiwa na mikono yote miwili.

Jumamosi nilifika mita 3, nikakaa saa nzima bila upinde, kuzoea tu. Miguu ilitetemeka dakika 15 za mwanzo kisha ikaacha. Jumapili mita 4 na upinde, mishale 20 kama alivyosema dada Ugwe_Mwepesi. Ya mwanzo 7 ilikwenda juu ya shabaha, kwa sababu ileile ya kushusha mkono. Na kweli, ncha ya upinde inagusa goti langu la kushoto nikikaa, kwa hiyo nimeanza kukaa nikiwa nimegeuka kidogo.

Nilipokuwa nafungasha kushuka, kulungu jike na mtoto wake walipita chini, hatua 12 kutoka kwenye mti. Jike alisimama, akanusa ngazi aliyoiacha shemeji, akaendelea kula. Hakutazama juu.